Ua na Ukumbi: Mahali pa Onyesho katika Uhakiki wa Taarabu

UTANGULIZI

Miongoni mwa mambo ambayo wahakiki wa fasihi yetu wameyapita kimya kimya ni suala la mahali. Tumeandika mengi kuhusu fani na maudhui, wahusika na falsafa ya mtunzi; tumeandika pia, na pengine kupita kiasi, juu ya vina na mizani. Lakini ni mara chache tulipojiuliza utungo unatendwa wapi, mbele ya watu wangapi, na kwa kiingilio gani. Jambo hili tumewaachia waandalizi wa maonyesho, kana kwamba ni habari ya viti na taa tu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika fasihi inayoimbwa mahali ni sehemu ya utungo wenyewe, na kwamba mhakiki asiyepajua mahali huweza kukosea maana.

Swali lenyewe laweza kuelezwa kwa maneno machache. Je, onyesho dogo, linalofanywa uani au kichochoroni kwa kiingilio kidogo au bila kiingilio chochote, laweza kumfurahisha msikilizaji sawa na onyesho kubwa la ukumbini? Walio wengi, wakiulizwa, watajibu upesi kwamba laweza. Lakini vitendo vyao vyasema mengine. Chuo kinapotaka kumheshimu mwimbaji humwalika katika ukumbi wake mkuu, wala hakiendi kwao kumsikiliza. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hulifuata kundi lenye jina na kanda nyingi. Dhana iliyojificha hapa ni kwamba onyesho dogo ni ngazi ya chini, ambayo msanii huikanyaga akielekea juu na kuisahau akishafika. Dhana hiyo tunaipinga. Hata hivyo hatukusudii kuweka mahali pake dhana ya kinyume, yaani kwamba kila kidogo ni kizuri na kila kikubwa kimeharibika. Mambo si mepesi kiasi hicho, kama tutakavyoona. Mfano wetu mkuu utakuwa taarabu ya Mombasa na Unguja.

BEI NA UKUBWA

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Unafuu wa kiingilio ni jambo moja. Udogo wa mahali ni jambo jingine. Mara nyingi huandamana, lakini si pacha. Hili nilipata nafasi ya kuliona nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili mjini London. Mji ule una mfululizo wa maonyesho ya muziki wa okestra uitwao Proms, ulioanzishwa mwaka 1895 na Robert Newman katika jengo la Queen's Hall, mwongozaji wa okestra akiwa Henry Wood. Newman alitaka muziki uliokuwa starehe ya wenye nacho uwafikie watu wa kawaida. Kwa hiyo sehemu ya chini iliachwa bila viti, na aliyekuwa tayari kusimama alilipa shilingi moja tu. Jengo lile lilipoteketezwa kwa mabomu mwaka 1941, maonyesho yalihamia Royal Albert Hall, ukumbi unaochukua zaidi ya watu elfu tano, na desturi ya kusimama kwa bei nafuu haikuachwa. Hapo basi pana onyesho kubwa mno, na rahisi. Nami nilipanga foleni jioni kadhaa, nikasimama. Niliyoyaona ni kwamba waliosimama, yaani waliolipa kidogo kuliko wote, ndio waliokuwa wasikivu kuliko wote. Walijuana kwa nyuso, walikuwa wamekuja miaka na miaka, na walijua ni wapi katika muziki pumzi hushikwa.

Mji ule ule watupa mfano wa pili. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, kumbi za muziki za London zilifungwa, na picha za jumba la National Gallery zikahamishwa zisije zikaharibiwa. Katika jumba lile tupu mpiga piano Myra Hess alianzisha maonyesho ya adhuhuri, siku tano kwa wiki, kwa kiingilio cha shilingi moja. Yaliendelea hadi mwaka 1946, na yalipokoma yalikuwa yametimia 1,698. Hatudai kwamba wasikilizaji wale walifurahi kwa sababu ya shilingi moja. Walifurahi kwa kuwa kila aliyekuwamo alijua anachokijua mwenzake: kwamba kuta zi tupu, na kwamba usiku waweza kuleta lisilotarajiwa. Muziki uliopigwa ulikuwa wa karne zilizopita, lakini siku ile ulikuwa na mahali pake na watu wake.

Mifano hii miwili yatupa neno la kuanzia. Utamu wa onyesho haupimwi kwa bei wala kwa idadi ya vichwa. Hupimwa kwa kile ambacho hadhira inakijua kwa pamoja kabla ya noti ya kwanza kupigwa. Tutaliita jambo hili ujuzi wa pamoja, na sasa tutalipima katika taarabu.

TAARABU NA MSIKILIZAJI WAKE

Jina lenyewe la sanaa hii lina ushahidi. Taarabu ni neno lililotokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo asili yake si jina la ala wala la lahani, bali la hali inayompata mtu anaposikiliza: kuguswa moyo, kupandwa na shauku kwa sababu ya sauti. Kwa maneno mengine, sanaa hii imepewa jina la kinachotokea ndani ya msikilizaji. Pasipo msikilizaji aliyeguswa, tuna fidla, udi, ganuni na shairi. Taarabu bado hatuna.

Historia yake Unguja husimuliwa kuanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, na muziki alioutaka kutoka Misri kwa ajili ya jumba lake. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Hadi hapo taarabu ilikuwa ndogo kwa maana ya watu wachache, lakini haikuwa rahisi kwa maana yoyote: aliyekuwa nje ya jumba alikuwa nje. Aliyeubomoa ukuta huo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert katika kitabu ambacho kila msomaji wa jarida hili anakijua. Siti aliimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakawa hadhira yake pamoja na mabwana wa Mji Mkongwe. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikaenea pwani nzima.

Hapa tuangalie jambo moja. Wimbo wake uitwao Kijiti wahusu mauaji yaliyotokea kweli, na kesi iliyofuata, ambayo watu wa Unguja waliijua. Aliyeusikia Ng'ambo hakuhitaji kuelezwa nani kafanya nini na kwa nini hukumu iliwaudhi watu. Mtungaji aliweza kuacha nusu ya habari nje ya wimbo, kwa kuwa nusu hiyo ilikuwa tayari vifuani mwa wasikilizaji. Aliyeinunua santuri hiyo katika mji wa mbali alipata sauti na lahani, na pengine alifurahi sana. Lakini alichokipata ni nusu iliyoimbwa. Sisi leo, tunaosoma maneno ya wimbo huo kwa msaada wa maelezo ya wanahistoria, tumo katika hali ya huyo mnunuzi wa mbali.

Mombasa nako hali ilikuwa hiyo hiyo, na hata nje ya taarabu. Vyama vya lelemama vya wanawake wa mji huo, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo, na katika nyimbo hizo mtu aliyekosa adabu aliweza kuimbwa bila kutajwa jina. Jina halikuhitajika. Mahali palikuwa padogo kiasi kwamba kila mtu aliweza kumtazama aliyekusudiwa, na yeye mwenyewe akajua kwamba anatazamwa.

KOSA LANGU

Naomba radhi kwa msomaji kwamba sehemu hii itazungumzia habari zangu mwenyewe, jambo lisilo la kawaida katika kurasa hizi. Ninalitaja kosa langu kwa sababu naamini si langu peke yangu.

Katika tasnifu yangu ya uzamili nilichambua nyimbo ishirini za taarabu ya Mombasa, zote nikizipata katika kanda. Nilizinukuu kwa uangalifu, nikahesabu mizani, nikaorodhesha istiari zake. Mmoja wa nyimbo hizo wazungumzia mti uliopandwa na mtu mmoja, ukamwagiliwa na yeye huyo, kisha matunda yakachumwa na mwingine. Niliandika kurasa sita kuthibitisha kwamba mti ni mapenzi, mpandaji ni mume aliyesalitiwa, na mchumaji ni mgoni wake. Msimamizi wangu aliridhika. Nami niliridhika.

Miaka miwili baadaye, nikiwa nimerudi Kenya na kuanza kufundisha, nilialikwa harusini Mji wa Kale, Mombasa. Mimi ni mtu wa bara, na nilikuwa mgeni. Lakini kwa kuwa ni mwanamke niliruhusiwa kuketi na wanawake usiku wa taarabu. Hapakuwa na ukumbi. Kichochoro kilizibwa pande mbili, turubai likafungwa juu kutoka dirisha hadi dirisha, majamvi yakatandikwa, na wapigaji watano wakakaa karibu na kizingiti cha mlango: kinanda, tashkota, ngoma mbili na tari. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, nacho kilikoroma. Kiingilio hakikuwapo. Walioalikwa waliketi mbele. Majirani wasioalikwa walisimama nyuma au walitazama kutoka juu madirishani, na hakuna aliyewafukuza.

Mwimbaji alipoanza ule wimbo wa mti nilifurahi kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Beti mbili zilipita, watu wakitikisa vichwa. Katika ubeti wa tatu, pale matunda yanapochumwa, mama mmoja aliinuka akiwa ameshika noti juu ya kichwa ili kumtunza mwimbaji. Hakwenda moja kwa moja. Alizunguka kwa mwendo wa madaha, akapita mbele ya wanawake watatu walioketi safu ya pili, akasita hapo kwa muda wa mshororo mmoja, kisha ndipo akaenda kuitoa noti yake. Kichochoro kizima kililipuka kwa vigelegele. Mwimbaji aliurudia ubeti ule mara nne, na kila mara mtu mwingine aliinuka. Mmoja wa wale wanawake watatu aliinuka pia, akatunza, naye akarudi kwa njia ile ile, akiwa ameinua kidevu.

Nilimwuliza mama wa makamo aliyeketi kando yangu kuna nini. Akanitazama kwa huruma. "Hukuona nani kainuka, mwanangu? Wimbo ni ule ule, lakini leo una mwenyewe." Ndipo akanieleza kwa mnong'ono habari ya nyumba iliyojengwa na marehemu kwa jasho la dada yake, na mawifi waliokuja kuirithi. Mti ulikuwa nyumba. Mapenzi hayakuwamo kabisa.

Mtu aweza kusema kwamba mtungaji alikusudia mapenzi, na kwamba yule mama aliutumia wimbo kwa haja yake. Huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo haiokoi kurasa zangu sita, kwa sababu niliandika kana kwamba fumbo lina jibu moja lililofungiwa ndani ya maneno, na kazi ya mhakiki ni kulifungua. Nililoliona kichochoroni ni kwamba fumbo la taarabu limeachwa wazi kwa makusudi, ili msikilizaji alikamilishe. Mwenye kuinuka na kutunza hamlipi mwimbaji tu. Anaufasiri utungo mbele ya mashahidi. Na yule aliyelengwa, alipoinuka naye, aliufasiri upya: alikataa kuwa mchumaji. Uhakiki wa aina hii, wa hatua na mwelekeo wa uso, ulikuwa mkali kuliko wangu, na ulifanywa na watu wasiolipa senti kuingia.

UKUMBI UNAPOKUA

Mwaka uliofuata nilipata kulisikia kundi lile lile katika ukumbi wa kukodi, mjini humo humo. Kiingilio kilikuwa cha kutosha kumfanya mtu afikiri mara mbili. Vipaza sauti vilikuwa vingi na safi, wapigaji wakaongezeka, na ninakiri kwamba kwa mara ya kwanza niliisikia tashkota vizuri na kuelewa jinsi inavyojibizana na sauti. Hili si jambo dogo, na mtu asidharau. Wimbo wa mti uliimbwa. Watu walitunza pia, lakini walipanda ngazi upande wa kushoto, wakavuka jukwaa, wakashuka upande wa kulia, wote kwa njia moja, kama watu wanaokwenda kupokea vyeti. Mwendo haukuwa na maana kwa kuwa haukuwa na hiari. Na hata kama ungekuwa na hiari, ungesomwa na nani? Waliokuwamo walitoka mitaa mbalimbali na miji mbalimbali. Walikuwa hadhira, lakini hawakuwa majirani.

Hapo ndipo tunapoona bei na ukubwa vinapokutana. Ukubwa huleta wageni. Bei huwaondoa wenyeji. Wale waliosimama nyuma ya turubai na wale wa madirishani, ambao ndio waliobeba habari ya nyumba ile vifuani mwao, hawakuwamo ukumbini. Kiingilio kilikuwa kimeiondoa sehemu ya hadhira iliyokuwa na ufunguo wa fumbo. Kwa hiyo unafuu wa onyesho dogo si fadhila tu kwa maskini. Ni sharti mojawapo la maana.

Mtungaji anapogundua kwamba hadhira yake haina ujuzi wa pamoja, hana budi kubadili utungo. Tukiichunguza taarabu ya kisasa iliyoshamiri Tanzania tangu miaka ya 1990, tunaona mabadiliko haya waziwazi. Fumbo limepungua na kauli ya moja kwa moja imezidi, kiitikio kimerefuka, kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya fidla nyingi, na wimbo huendelea kwa muda mrefu ili watu wacheze. Wahakiki wengi wameyaita mabadiliko haya uharibifu wa lugha na wa maadili. Nadhani wamekosea mahali pa kutazama. Mipasho haikutokana na watunzi kukosa kipaji. Ilitokana na haja ya kueleweka na watu elfu moja wasiojuana.

Tena kuna jambo ambalo wakosoaji hao hawakuliona. Katika miaka hiyo ya 1990 kumbi za Dar es Salaam zilijaa kwa sababu ya ushindani wa makundi mawili, Tanzania One Theatre na Muungano. Waimbaji walirushiana vijembe, na mashabiki wa kila upande walijua nani kamjibu nani na kwa wimbo gani. Maana yake ni nini? Ukumbi mkubwa, uliokosa majirani, ulijitengenezea majirani. Kundi pinzani likawa wifi wa watu wote. Ujuzi wa pamoja, ambao kichochoroni hupatikana bure kwa kuwa watu huchota maji pamoja na kuzikana, hapa uliundwa kwa makusudi. Na ulipoundwa, onyesho kubwa lilikuwa na moto sawa na ule wa kichochoroni. Huu ni ushahidi dhidi ya yeyote anayetaka kudai kwamba ukubwa wenyewe ndio adui.

PINGAMIZI

Haitakuwa haki kuyaacha mambo hapo, kwani onyesho dogo lina dosari zake, na baadhi ni nzito.

Kwanza, onyesho dogo ni la wenyewe. Mimi niliingia kwa sababu nilialikwa na kwa sababu ni mwanamke; mwenzangu wa kiume angebaki nje ya turubai. Ujuzi wa pamoja una mlango, na mlango hufungwa. Laiti yule mama asingekuwa na huruma, ningeondoka nikidhani kwamba nimesikia wimbo wa mapenzi ulioimbwa kwa kipaza sauti kibovu. Onyesho kubwa halimwulizi mtu ni wa ukoo gani.

Pili, si kila muziki waweza kukaa kichochoroni. Taarabu ya Unguja yenye fidla nyingi, ganuni, nai, zeze kubwa na kodiani ilitungwa kwa ajili ya sauti hizo kusikika pamoja. Kuisikiliza katika nafasi finyu ni kuisikiliza nusu. Lakini hata Unguja penyewe, kando ya okestra hizi, kuna kidumbak: fidla moja, ngoma mbili ndogo, besi ya sanduku la chai lililotiwa uzi na fimbo, na vijiti vya mkwasa pamoja na cherewa za vifuu. Ala hizi zaweza kubebwa na watu wanne kwa miguu. Kidumbak huzichukua lahani za nyimbo zinazovuma za taarabu, huziunganisha bila kituo, na hutia maneno yanayolingana na harusi ya usiku huo. Baadhi ya wapigaji wa vyama vikubwa wamepitia humo, na wengine hupiga huku na huko. Makame Faki wa Culture Musical Club alijulikana kwa yote mawili. Kwa mpigaji wa namna hiyo kidumbak si ngazi aliyokwisha kuiacha. Ni kazi nyingine, yenye ustadi wake.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kuna riziki ya msanii. Noti za kutunza kichochoroni hazimlipii mtu kodi ya nyumba wala hospitali. Tunaousifu udogo wa onyesho tuna mishahara ya vyuo. Bi Kidude aliimba unyagoni, ambako wageni hawaingii, na aliimba katika majukwaa ya nchi za mbali. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki mwaka 2013 alililiwa katika mabara kadhaa. Bila majukwaa hayo makubwa, wengi wetu tusingemjua. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi lilifanyika Ngome Kongwe, limewapa wasanii wa pwani masikio ambayo ua hauwezi kuwapa. Anayetaka wasanii wabaki uani ili yeye apate utafiti mzuri anaomba jambo ambalo hana haki ya kuliomba.

Niliwahi kulisikia kundi moja la Unguja katika ukumbi mkubwa Ulaya, wakati wa masomo yangu. Watu walikaa kimya kwa adabu, wakapiga makofi mwisho wa kila wimbo. Tulikuwa wachache tulioelewa maneno. Muziki ulikuwa mzuri sana, na waliokuwamo walifurahi kwa dhati. Sina sababu ya kuipuuza furaha yao. Lakini mwimbaji alipomaliza ubeti uliokuwa na kijembe kikali aliinua macho akatazama safu za mbele, kama mtu anayetafuta anayemjua. Hapakuwa na aliyeinuka. Nilidhani wakati ule kwamba anatazama taa.

HITIMISHO

Tumeuliza kama onyesho dogo na rahisi laweza kufurahisha sawa na lile kubwa. Jibu letu ni kwamba laweza, na kwamba katika taarabu mara nyingi hulizidi. Lakini si kwa sababu ya udogo wala ya urahisi. Hulizidi pale ambapo waliomo wanajua jambo moja kwa pamoja, na mahali padogo pasipo kiingilio ndipo jambo hilo hupatikana kwa wepesi. Onyesho kubwa laweza kufikia utamu huo huo likijiundia ujuzi wa pamoja, kama ilivyokuwa Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na kama ninavyoamini ilivyo kwa wale wanaosimama kwa bei nafuu mjini London. Likishindwa, litatupa sauti safi na taa nzuri, nasi tutarudi nyumbani tukiwa tumetazama.

Kwetu sisi tunaofundisha na kusimamia tasnifu, hoja hii ina deni la kulipwa. Bado tunawapokea wanafunzi wanaoleta maneno ya nyimbo yaliyonukuliwa kutoka katika kanda na santuri, na tunawatunukia shahada kwa kutufumbulia mafumbo ambayo wenyewe hawakuwahi kuyasikia yakifumbuliwa. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, na msimamizi wangu alifanya hivyo kwangu. Ingefaa kila nukuu ya wimbo iandamane na maelezo machache: uliimbiwa wapi, nani waliruhusiwa kuingia na kwa kiasi gani, nani aliinuka, katika ubeti upi, na alipita njia ipi. Haya hayapatikani maktabani, na hayatapatikana milele hata huko vichochoroni, kwani kumbi za kukodi zinaongezeka na madirisha ya kutazamia yanapungua.

Zile kurasa zangu sita zimo katika maktaba ya chuo nilikosoma, zimepigwa chapa na kujalidiwa, na mtu yeyote aweza kuziazima na kuzinukuu. Habari ya yule mama na noti yake haimo.